Seva Inapozima Ghafla: Tuchunguze Kwanza Kabla ya Kununua Nyingine



Miongoni mwa maombi yanayofika katika ofisi yetu ya miradi, lipo moja linalojirudia: ombi la kununua seva mpya kwa sababu iliyopo "inazima yenyewe". Maombi hayo huandikwa kwa nia njema, na mara nyingi huambatanishwa na bei kutoka dukani. Kinachokosekana ni maelezo ya ugonjwa wenyewe: inazima lini, inazima kwa namna gani, na nini kilikuwa kinafanyika wakati huo. Katika makala haya tunapenda kuzieleza kamati za sharika pamoja na wafadhili wetu kwa nini seva huzima ghafla, namna ya kutafuta chanzo kwa utaratibu, na kwa nini uchunguzi huo unapaswa kutangulia ununuzi.

SEVA NI NINI, NA HASARA YAKE IKIZIMA NI IPI?

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Kwa umbo inaweza kufanana na kompyuta ya kawaida ya mezani, lakini kazi yake ni kutunza mafaili na orodha ambazo watumishi wote wanazitumia kwa pamoja. Humo ndimo yalimo mahesabu ya miradi, orodha ya watoto wanaolipiwa ada, na kumbukumbu za vikundi vya kuweka na kukopa. Kompyuta ya karani ikizima, anasimama karani mmoja. Seva ikizima, ofisi nzima inasimama.

Hata hivyo, kusimama kwa kazi si hasara kubwa kuliko zote. Tuseme mtunza hazina anahamisha kiasi cha fedha kutoka ukurasa mmoja wa leja kwenda mwingine. Ameshakikata upande wa kwanza, na kabla hajaandika upande wa pili mtu anamnyang'anya kalamu. Leja hiyo haitakubaliana tena. Ndivyo inavyotokea seva inapozima katikati ya kuandika: nusu ya taarifa imeingia, nusu haikuingia. Programu nzuri za mahesabu zina njia ya kurekebisha hali hiyo zinapowashwa tena, lakini si programu zote, na si kila mara. Jina la mtoto likipotea katika orodha ya ada mwezi Desemba, ni mzazi anayekuja kuligundua shuleni mwezi Januari.

KUZIMA HAKUFANANI

Mganga hamtibu mgonjwa kwa kusikia tu kwamba "anaumwa". Hali kadhalika, neno "imezima" halitoshi. Zipo namna tatu kuu, na kila moja inaelekeza mahali pake.

Ya kwanza, seva inakufa papo hapo kama iliyochomolewa waya. Hakuna onyo wala maandishi yoyote kwenye kioo. Hapa tunashuku umeme, pawa saplai, au joto kali. Maana kompyuta imetengenezwa ijizime yenyewe kichakataji chake kinapopata moto kupita kiasi.

Ya pili, kioo kinageuka bluu na kuonyesha maandishi na namba, kisha mashine inajiwasha upya. Hapa umeme haukukatika. Mfumo wenyewe umekutana na jambo usiloweza kuendelea nalo ukajisimamisha ili usiharibu zaidi. Tunashuku memori, diski, au programu inayoendesha kifaa fulani.

Ya tatu, seva inaganda. Taa zinawaka, feni inazunguka, lakini haijibu. Mara nyingi hii ni diski inayochoka, memori iliyojaa, au programu iliyokwama.

Mtumishi aliyepo anapoandika tu ni ipi kati ya hizi tatu, fundi ameshaokolewa nusu ya safari.

MFANO KUTOKA OFISI MOJA MILIMANI

Katika ofisi moja ya miradi hapa Usambara, ambayo hatutaitaja jina, seva ilianza kuzima mwezi Januari. Kufikia Machi ilikuwa inazima mara mbili hadi tatu kwa wiki. Mara moja ilizima wakati malipo ya ada yakiingizwa, na kazi ya wiki tatu ikabidi irudiwe kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi. Kamati ilikuwa imeshaandaa ombi la seva mpya, sehemu kutoka kwa mfadhili na sehemu kutoka katika sadaka ya mavuno. Tuliomba tupewe wiki tatu kabla ombi halijatumwa.

Hatukuanza kwa kufungua mashine. Tulianza kwa daftari la kurasa themanini lililofungwa kwa kamba kando ya seva. Kila ilipozima, aliyekuwepo aliandika tarehe, saa, namna ilivyozima, hali ya hewa, na vifaa vingine vilivyokuwa vinatumika. Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa na mistari sita. Minne kati yake ilikuwa karibu na saa nne asubuhi, siku za kazi, na yote ilikuwa ya namna ya kwanza. Miwili ilikuwa usiku, na asubuhi yake kioo kilikutwa na maandishi ya bluu.

Saa nne asubuhi ni saa ya chai. Birika la umeme lilikuwa limechomekwa katika laini ileile ya seva na mashine ya kutoa fotokopi. Fundi umeme alipoweka mita, umeme unaopaswa kuwa volti 230 ulishuka chini ya volti 190 kila birika na fotokopi vilipofanya kazi pamoja. Kifaa cha UPS kilikuwepo, na taa yake ya kijani iliwaka vizuri. Lakini betri ndani yake ilikuwa na miaka mitano na haikubeba tena chochote. Betri ilibadilishwa, na seva ikapewa laini yake yenyewe kutoka kwenye kikasha cha fyuzi.

Kuzima kwa mchana kukaisha. Kwa usiku kukaendelea. Hapo ndipo memori ilipopimwa usiku kucha kwa programu ya Memtest86, na asubuhi kipande kimoja kati ya viwili kikaonekana kutoa makosa. Kilitolewa, kikanunuliwa kingine. Gharama zote, pamoja na fundi, hazikufika sehemu moja ya kumi ya bei iliyokuwa katika ombi.

Tunautaja mfano huu kwa sababu mgonjwa yule alikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja. Kama ingenunuliwa seva mpya, ingechomekwa katika laini ileile, pembeni ya birika lilelile, na UPS ileile yenye betri iliyokufa.

UMEME: WA KWANZA KUSHUKIWA

Pawa saplai ya kompyuta huweza kuvumilia umeme ukikatika kwa takriban milisekunde 16 tu, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo maana taa za ofisi zinaweza kupepesa tu, watu wakaendelea na kazi, lakini seva ikawa imezima. Nchi yetu imeongeza sana uwezo wa kuzalisha umeme tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kazi mwaka 2024. Lakini umeme ukishazalishwa bado unapaswa kupanda milima. Nyaya zinazopita katika misitu na makorongo yetu huangukiwa na matawi wakati wa masika, na nyumba iliyo mwisho wa laini hupata volti pungufu jioni watu wanapopika na kuwasha taa.

UPS hulinda dhidi ya hayo, lakini ni nzuri kadiri ya betri yake. Betri za risasi zinazotumika humo hudumu kwa kawaida miaka mitatu hadi mitano. Joto huzifupishia maisha: kwa kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 za Selsiasi, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Kwa hiyo UPS iliyoko Mombo au Korogwe isitegemewe kudumu kama iliyoko Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400.

Tahadhari pia na jenereta ndogo. Mzunguko wake hubadilika kila mzigo unapobadilika, na UPS nyingi huuona umeme huo kuwa mbaya, zikarukia betri, zikarudi, zikarukia tena, hadi betri ikaisha huku jenereta inanguruma nje. Wenzetu wa Unguja waliishi kwa jenereta kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya chini ya bahari ilipoharibika. Penye ulazima wa jenereta, stabilaiza husawazisha volti tu na hairekebishi mzunguko, kwa hiyo isitegemewe peke yake kuondoa tatizo hili.

Kuhusu radi, kinga yoyote ya kuzuia umeme mkubwa inahitaji waya wa ardhini ulio mzima. Katika ardhi ya mawe, na hasa wakati wa kiangazi udongo unapokauka, nondo ya ardhini inaweza kuwepo kwa macho tu. Fundi mwenye kipimo aipime. Mvua ya radi inapoanza, kilicho salama kuliko vyote ni kuizima seva kwa utaratibu na kuchomoa waya wa umeme pamoja na waya wa mtandao.

JOTO, VUMBI NA WADUDU

Wageni hushangaa tunapozungumzia joto katika mji ambao Julai watu huvaa makoti. Lakini joto linaloua seva ni lile linalobaki ndani ya kasha. Vumbi jekundu la kiangazi huziba matundu na kukwamisha feni. Seva hufungiwa kabatini kwa ajili ya usalama, au hufunikwa kitambaa cha kufuma ili ipendeze. Tunawasihi: kitambaa kiwe cha meza. Seva iachiwe nafasi ya kiganja cha mkono kila upande.

Ukungu nao una madhara yake. Unyevu hufanya kutu katika viungio vya memori na nyaya, na mara nyingine kukitoa kipande cha memori, kukisafisha kwa ufutio laini na kukirudisha ni dawa tosha. Panya hutafuna nyaya. Mijusi na sisimizi hupenda uvuguvugu wa pawa saplai, na mjusi mmoja akigusa mahali pasipotakiwa huizima mashine nzima.

MEMORI, DISKI NA KAPASITA

Watu wengi hudhani memori haiharibiki. Utafiti uliofanywa katika seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika mwaka mmoja takriban seva moja kati ya tatu ilipata kosa la memori, ingawa mengi yalisahihishwa yenyewe. Seva halisi hutumia memori yenye uwezo wa kujisahihisha. Kompyuta ya kawaida iliyopewa kazi ya seva, kama zilivyo nyingi katika vituo vyetu, kwa kawaida haina kinga hiyo.

Diski nazo zina mfumo wa kujipima uitwao SMART, ambao fundi anaweza kuusoma. Ukitoa onyo, usipuuzwe. Lakini kutoonya si uzima: utafiti mwingine wa Google wa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya zile zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote kati ya zilizofuatiliwa, ukiacha joto. Kwa hiyo hakuna kipimo kinachochukua nafasi ya nakala ya akiba.

Kwa wale wanaotumia kompyuta za zamani zilizotolewa msaada, fundi aangalie pia kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya bodi. Mashine nyingi zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000, duniani kote, zilikuwa na kapasita zenye kimiminika kibovu. Kikopo chenye kichwa kilichovimba au kinachovuja ni ushahidi wa kutosha wa mashine kuzima ovyo. Kwa mashine ya umri huo, hapo tunashauri istaafu.

SEVA HUJIANDIKIA KUMBUKUMBU

Mbali na daftari letu, seva yenyewe ina daftari lake la matukio. Katika Windows, tukio namba 6008 lina maana kwamba kuzima kulikotangulia hakukutarajiwa, na namba 41 kwamba mashine iliwashwa tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Namba 1074 maana yake kuna mtu au programu iliyoagiza izimwe. Tofauti hii ni muhimu, maana huonyesha kama "imezima yenyewe" au kama programu iliizima ili kujiboresha usiku. Aidha, fundi aondoe mpangilio wa kujiwasha upya baada ya kioo cha bluu, ili namba ibaki na kusomwa. Namba 0x124, kwa mfano, inaelekeza kwenye kifaa kibovu.

Mambo mawili huwachanganya watu. Kwanza, sisi huandika saa nne asubuhi, na seva huandika 10:00. Daftari liwe na saa zote mbili. Pili, ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama sarafu, aina ya CR2032, inayotunza tarehe. Ikiisha, seva ikikatika umeme huamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na kumbukumbu zake zote hazina maana. Betri hiyo ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika mashine.

UTARATIBU TUNAOPENDEKEZA

1. Kabla ya yote, fanyeni nakala ya akiba ya taarifa zote, mbili ikiwezekana, na moja ikae nje ya jengo. Anayeshika nakala hiyo ajulikane kwa jina, na nakala ifungwe kwa neno la siri, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa za watu tunaowahudumia.

2. Fungueni daftari na kuandika kila tukio kwa muda wa wiki mbili.

3. Pimeni umeme kwenye soketi ya seva, hasa saa za kazi nyingi. Ondoeni birika, pasi na fotokopi katika laini hiyo.

4. Pimeni UPS baada ya saa za kazi: izimeni seva, chomekeni taa ya kawaida mahali pake, kisha chomoeni UPS ukutani. Taa ikizimika mara moja, betri imekufa.

5. Safisheni vumbi kwa blowa, mashine ikiwa imechomolewa, na hakikisheni feni zote zinazunguka.

6. Pimeni memori usiku kucha na someni hali ya diski.

7. Angalieni kilichobadilika karibuni: printa mpya, programu mpya, virusi. Angalieni pia umri wa mfumo. Windows Server 2012, kwa mfano, iliondolewa katika marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2023.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha mngoje. Fundi anayebadilisha vitu vitano siku moja anaweza kuponya mashine, lakini hakuna atakayejua dawa ilikuwa ipi, na kamati italipia vyote vitano tena mwakani.

OMBI LETU KWA KAMATI NA WAFADHILI

Kwa kamati za sharika na vituo: ombi la seva mpya liambatane na nakala ya daftari la kuzima na matokeo ya hatua saba hizi. Zipo mashine ambazo zimefika mwisho, na daftari litasema hivyo wazi kuliko barua yoyote. Ombi la namna hiyo tutalipeleka mbele kwa moyo mweupe.

Kwa wafadhili wetu, ambao ukarimu wao tunauthamini sana: ni jambo la furaha kukabidhi kifaa kipya, na picha yake hupendeza. Betri haipigwi picha. Lakini seva bila fungu la betri, fundi na laini yake ya umeme ni sawa na zahanati iliyojengwa bila fungu la dawa. Tunaomba kila mradi wenye kompyuta uwe na mstari wa bajeti wa matengenezo, mwaka hadi mwaka, hata kama kifaa chenyewe kitakuwa cha bei ya chini zaidi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Daftari la kurasa themanini, kalamu na kamba ya kulifungia vinapatikana katika kila duka la kijijini. Tunaomba kila ofisi yenye seva iwe navyo kabla ya mvua zijazo.